Bungeni: Maswali ni mengi, majibu yanayobana ni machache

Na Mwandishi Wetu

SAA 3:00 asubuhi, Bunge linapokuwa katika mkutano wake jijini Dodoma, dua husomwa, hati huwasilishwa mezani, kisha huanza kipindi ambacho wananchi wengi hukipenda kuliko vyote: Maswali na Majibu. Mbunge husimama, huomba swali lake lijibiwe, na Waziri au Naibu wake husoma jibu lililoandaliwa na wataalamu wa wizara.

Anayefuatilia kipindi hicho kwa muda mrefu anaweza kuyabashiri majibu kabla hayajasomwa. Barabara "ipo katika hatua ya upembuzi yakinifu". Kituo cha afya kitakamilika "kadiri fedha zitakavyopatikana". Mradi wa maji "upo katika mchakato". Kabla ya yote, Waziri humpongeza Mbunge kwa kufuatilia kwa karibu kero za wananchi wake.

Kisha swali linalofuata huitwa, na maisha yanaendelea.

Ni jambo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwani kati ya swali na jibu hilo ndipo zinapopita fedha za umma. Mkazi wa mjini anayenunua maji kwa ndoo wakati mtaa wake umelazwa mabomba, au anayeandikiwa dawa na kuambiwa akanunue nje ya hospitali, anao mlango mmoja tu wa kikatiba wa kumfikia Waziri: Mbunge wake. Mlango huo ukifunguliwa nusu, ni yeye anayebaki nje.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haina utata katika hili. Ibara ya 63 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara hiyo hiyo inaliruhusu kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na kujadili utekelezaji wa kila Wizara katika mkutano wa kila mwaka wa bajeti. Kwa hiyo uwezo upo. Kinachopaswa kuulizwa ni jinsi unavyotumika.

Swali la kawaida la bungeni lina udhaifu wa kimaumbile. Hupelekwa mapema, hivyo Wizara hupata nafasi ya kutosha ya kuchagua maneno. Linapojibiwa, muulizaji hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wachache huongezea. Muda ni mfupi na orodha ni ndefu. Mbunge asiyeridhika hana la kufanya pale ukumbini zaidi ya kukaa. Aidha, maswali mengi huhusu barabara, zahanati au kisima cha jimbo moja. Hilo si kosa, kwani Mbunge ametumwa na watu. Lakini Waziri anayeulizwa kuhusu zahanati moja haulizwi kwa nini bajeti ya dawa ya nchi nzima haikutolewa yote.

Mageuzi yalijaribiwa. Wakati wa Spika Samuel Sitta, aliyeliongoza Bunge kati ya mwaka 2005 na 2010 kwa kaulimbiu ya "kasi na viwango", Kanuni za Bunge za mwaka 2007 zilileta utaratibu wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, kwa muda wa dakika 30. Hapo hakuna jibu la kuandaliwa, na mkuu wa shughuli za Serikali bungeni husimama peke yake. Ni utaratibu unaofanana na ule wa Uingereza, ambako Waziri Mkuu huhojiwa kila Jumatano.

Hata hivyo, ukipitia kumbukumbu za karibu miongo miwili, utaona kwamba mawaziri walioondoka madarakani kwa nguvu ya Bunge hawakuangushwa na kipindi cha maswali. Waliangushwa na nyaraka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme, na kampuni hiyo ikapewa kazi ya kuzalisha megawati 100. Maswali yaliulizwa bungeni na majibu yakatolewa. Mwaka 2007 Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa nayo ikasema haikuona rushwa. Mambo yalibadilika Novemba mwaka huo, Bunge lilipounda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kamati iliita mashahidi, ikadai mikataba na kusoma barua. Ripoti yake iliwasilishwa Februari 6, 2008. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Miezi michache kabla ya hapo, Bunge hilo hilo lilikuwa limeonyesha sura nyingine. Agosti 2007, Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliomba iundwe Kamati Teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London. Hoja ilikataliwa na mtoa hoja akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008. Lakini hoja iliyouawa ukumbini ilifufukia mitaani. Novemba 2007 Rais aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini.

Mlolongo uliendelea. Julai 2011, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikwama baada ya Mbunge wa Kilindi, Beatrice Shellukindo, kusoma barua iliyozitaka taasisi zilizo chini ya Wizara kuchanga fedha za kufanikisha kupitishwa kwa bajeti hiyo. Mwaka 2012, baada ya mjadala mkali wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) na kampeni ya kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mawaziri 6 waliachwa nje ya Baraza. Desemba 2013, ripoti ya Kamati iliyoongozwa na James Lembeli kuhusu Operesheni Tokomeza iliwaondoa mawaziri 4. Na Novemba 2014 likaja sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, lililohusu zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo naye akajiuzulu.

Ukiyaweka matukio hayo pamoja, mambo matatu yanajirudia. Kwanza, mbunge alisimama akiwa na karatasi mkononi, iwe mkataba, barua au ripoti ya ukaguzi. Pili, mara nyingi kulikuwa na kamati yenye mamlaka ya kuita watu na kudai nyaraka chini ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge. Tatu, wananchi walikuwa wakitazama. Jambo hili la tatu lilipata pigo Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote, kwa sababu ya gharama.

Lakini kashfa haitokei kila mwaka. Kinachotokea kila mwaka ni bajeti, na huko ndiko kazi ya kila siku ya kumhoji Waziri inapopaswa kufanyika.

Silaha ya Mbunge katika Kamati ya Matumizi ni shilingi moja. Asiporidhika na maelezo, hutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa Waziri. Shilingi yenyewe si kitu, ila hoja hiyo humlazimisha Waziri kueleza sera yake, na wabunge wengine huunga mkono au kupinga. Kwa kawaida hadithi huishia pale pale: Waziri huahidi, wenzake humsihi mtoa hoja, naye huirudisha shilingi. Muda ukiisha kabla vifungu havijaisha, hutumika gilotini, yaani vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa. Kwa namna hiyo mabilioni ya shilingi yanaweza kupita kwa dakika chache bila mtu kuuliza hata moja.

Wabunge wanajua pia mipaka yao. Ibara ya 99 ya Katiba haiwaruhusu kupendekeza kodi au matumizi mapya isipokuwa kwa pendekezo la Rais linalowasilishwa na Waziri. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge anayefikiria kupiga kura ya hapana anafikiria pia safari ya mapema ya kurudi jimboni kuomba kura.

Mwaka 2013 mzunguko wa bajeti ulibadilishwa, wizara zikaanza kujadiliwa Aprili badala ya kusubiri hotuba ya bajeti ya Juni, na Kamati ya Bajeti ikaanza kazi. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, kwa sababu bajeti sasa hukamilika kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Lakini pengo moja limebaki, nalo ni la kalenda.

Chukua mfano wa mwaka 2023. Ripoti ya CAG kuhusu hesabu za mwaka wa fedha 2021/22 iliwekwa hadharani Aprili, na wabunge wengi walitaka ijadiliwe mara moja. Walielezwa kwamba utaratibu unazitaka kamati za hesabu ziwahoji kwanza watendaji, kisha mjadala ufanyike Novemba. Hoja hiyo ina mantiki, kwani aliyetajwa katika ukaguzi ana haki ya kusikilizwa. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba Bunge lilijadili makosa hayo miezi 16 baada ya mwaka husika kufungwa, na wakati huo wizara zile zile zilikuwa zimekwisha kupitishiwa fedha nyingine Juni. Mzazi gani humkabidhi mtoto ada ya muhula mpya kabla hajamwuliza ya muhula uliopita ilikwenda wapi?

Lipo pia suala la chama. Kwa mujibu wa Katiba, mawaziri wa Tanzania huteuliwa miongoni mwa wabunge, hivyo anayeuliza leo anaweza kutamani kuwa anayejibu kesho. Na Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, anapoteza kiti. Tangu uchaguzi wa mwaka 2020 wabunge wa upinzani wamekuwa wachache mno, kwa hiyo mzigo wa kuhoji umewaangukia zaidi wabunge wa chama tawala, ambao wanatakiwa kuisimamia Serikali waliyoahidi kuiunga mkono. Walio makini wapo, na baadhi huuliza kwa ukali. Lakini wanakumbuka ya Januari 2022, pale Spika Job Ndugai alipolazimika kuomba radhi kwa kauli yake kuhusu mikopo ya taifa, na siku chache baadaye akajiuzulu. Ikiwa Spika mwenyewe alifikia hapo kwa kulizungumzia deni la nchi, Mbunge wa kawaida atajipima mara ngapi?

Majirani nao wamekuwa wakijaribu. Kenya, baada ya Katiba ya mwaka 2010, iliwatoa mawaziri ndani ya Bunge, na kwa miaka mingi walihojiwa katika kamati tu. Mwaka 2023 walianza kufika ukumbini kujibu maswali ya wabunge, kwa kuwa ilionekana kuna kitu kilipotea. Bunge la Uganda lina kamati ya kudumu inayofuatilia ahadi za Serikali, na India imekuwa na kamati ya namna hiyo tangu mwaka 1953. Wazo lake ni jepesi: Waziri akisema "tutafanya", neno hilo huandikwa, hupewa muda, na huulizwa tena.

Hapa kwetu, ahadi ya Waziri kwa kawaida huishi katika Taarifa Rasmi za Bunge hadi Mbunge mwenyewe aifufue kwa swali jingine, wakati mwingine kwa Waziri mwingine kabisa baada ya mabadiliko ya Baraza. Kuorodhesha ahadi zote zinazotolewa ukumbini, pamoja na tarehe na kiasi cha fedha, na kuiweka orodha hiyo wazi kila Aprili kabla ya wizara kuomba fedha mpya, hakuhitaji Katiba mpya. Vivyo hivyo, kamati za hesabu zinaweza kupewa nafasi ya kutoa japo taarifa ya awali kuhusu ripoti ya CAG kabla ya bajeti kupitishwa Juni.

Wabunge wakifika hapo, "upembuzi yakinifu" utakuwa na tarehe ya kuisha, na "mchakato" utakuwa na mtu wa kuulizwa. Kwa sasa, mkazi anayesubiri maji mtaani ataendelea kumsikia Waziri akimpongeza Mbunge wake kwa swali zuri, huku bomba likiendelea kutoa hewa.