Pwani ya Saa Nne na Pwani ya Saa Kumi

Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya hewa, upepo na mahali pa kuchezea watoto, na mfano wetu utakuwa Jambiani, kijiji kilichoko kusini-mashariki ya Unguja. Huenda baadhi yenu mkasema kwamba mchezo si jambo la kuandikiwa makala. Mwalimu yeyote wa chuo atawajibu kuwa mtoto aliyekosa pa kukimbia jioni, asubuhi yake hukaa mbele ya msahafu macho yako ukurasani na akili iko nje.

Jambiani ni kijiji chembamba na kirefu, nyumba zake zimejipanga kuifuata bahari. Nyuma ya nyumba ni nchi ya maweni, yaani jiwe la matumbawe lenye ncha kali, na udongo wake ni kidogo tu katika mashimo ya jiwe. Humo watu hupanda mihogo, mtama na choroko wakitegemea mvua, nayo mvua ya upande ule ni chache kuliko ya magharibi ya kisiwa. Mpira hauchezwi hapo, wala mtoto hakimbii. Akijaribu hurudi nyumbani na mguu uliochanika. Kwa hiyo kiwanja cha kijiji tangu zamani ni pwani.

Na ni kiwanja chema sana kwa hewa yake. Upepo wa kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi, na kusi huvuma Juni hata Septemba, na kwa kuwa kijiji kimeelekea mashariki, pepo zote mbili huingia kutoka baharini. Wazee walizihesabu pepo hizi kwa mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, ambao majirani zao wa Makunduchi wangali wakiukaribisha kwa shangwe kila Julai. Hawakutumia mwaka wa mwezi kwa kazi hiyo, kwani huo hupungua siku 11 hivi na huzihama nyakati za mvua na upepo. Lakini maji ya bahari hufuata mwezi, na hapa ndipo penye neno letu.

Maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hutoka mbali mno, kisha hurudi kwa nguvu, na tofauti ya kupwa na kujaa hufikia mita 4 hivi. Katika pwani zetu, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri au baada yake kidogo.

Sasa, mgeni atakaye kiwanja cha kujengea huletwa asubuhi, siku ya bamvua. Aona mchanga mweupe umetanda kilomita nzima hata karibu na mwamba, na wanawake wa mwani wako mbali kama nukta. Hujiambia kuwa nafasi ni tele, na mwenyeji anayemwonyesha hamkanushi. Lau angerudi saa kumi, watoto wanapotoka chuoni, asingeuona mchanga ule. Maji yamefika juu, na kilichobaki ni ukanda mdogo chini ya minazi, baina ya bahari na nyumba. Nao ndio huo anaotaka kuununua.

Tena tazameni hesabu ya siku. Idi ya Ramadhani huwa mwezi mosi Shawwal, mwezi umeandama tu; basi jioni za Idi ile ni jioni za bamvua. Watoto wamevaa nguo mpya, wana senti zao mkononi, na pwani yote imo majini isipokuwa ukanda ule. Ukizungushiwa ukuta, watachezea barabarani penye magari.

Wala si watoto peke yao. Ngalawa huvutwa hapo zisichukuliwe na maji. Mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza hapo Jambiani na jirani yake Paje mwaka 1989, huanikwa hapo. Makumbi yaliyozikwa mchangani yakaoza hufukuliwa na kupondwa hapo, yakatoka usumba wa kusukia kamba. Wazee hukaa hapo kivulini kupunga upepo. Kwa sababu pahali hapo ni pa wote, hapana aliyejiona kuwa ni mlinzi wake.

Hatusemi kwamba hoteli hazikuleta kheri. Vijana wengi wamepata kazi, na barabara ya lami imewakaribisha watu na hospitali za mjini. Hata hivyo ukuta mrefu ufuoni hudhuru kwa namna mbili. Kwanza huzuia upepo, na nyumba za nyuma zikawa tanuri mwezi wa Februari. Na ajabu ni kwamba wageni wa Paje hulipa fedha nyingi wavutwe na upepo huo huo kwa tiara juu ya maji! Pili, wimbi likipiga ukuta hurudi na mchanga, na pwani mbele yake ikazidi kushuka.

Bahari nayo haikubaki vile vile. Maji yamezidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa katika maji mafupi. Inastawi zaidi penye kina, na wanawake wengi hawakufunzwa kuogelea. Kimo cha bahari duniani kinapanda pia. Ukanda ulio mdogo leo utazidi kuwa mdogo hata bila ya mjenzi.

Basi shauri letu kwa wazee na masheha wa vijiji vya pwani ni hili. Mtu akija kupima kiwanja, asipimiwe asubuhi. Mwambieni angoje bamvua kubwa ya Machi au ya Septemba, mwende pamoja saa kumi jioni mwezi ukiwa mpevu, mkasimame pale maji yalipofika. Chomeni kijiti hapo, mpime kutoka kijiti kwenda juu nafasi ya ngalawa, ya vichanja vya mwani na ya mpira wa watoto, ndipo kiwanja chake kianze. Na watoto waitwe pia siku hiyo, kwa kuwa wao wanajua vizuri zaidi mpira huangukia wapi.