Mapendo Hayana Wakili



Liko neno moja ambalo limezoea mno midomo yetu sisi Wakristu wa Kalunguta, wala si sisi peke yetu, bali njia nzima ya kutoka Butembo mpaka Beni. Mtu afika kijijini na mzigo kichwani, watoto wamfuata nyuma, amekimbia mauaji ya kwao. Sisi twamtazama, twamsikitikia, kisha twasema: "Hiyo ni kazi ya mashirika." Tukiisha kusema hivyo twaendelea na safari yetu, na pengine safari yenyewe ni ya kwenda kanisani.

Leo nataka kushindana na neno hilo. Naliita uongo, wala sitafuti jina jingine la kulipamba. Uongo ukikaa sokoni ni mbaya. Ukikaa katika nyumba ya Mungu ni mbaya zaidi.

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wanaua watu katika nchi ya Beni, mashambani na vijijini. Watu wa Mbau, wa Oicha, wa Eringeti wamehama mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Juni 2024 vita vya M23 vilipoingia Kanyabayonga, watu wa kusini mwa Lubero nao walikimbilia kaskazini. Wakimbizi hawa hawakai wote kambini. Wengi wamo ndani ya nyumba za watu, jikoni, katika vibanda vya kupanga. Twakutana nao kisimani. Twapiga magoti pamoja nao katika Misa Takatifu. Basi, yule unayesema ni wa mashirika ndiye huyo anayekupa mkono wa amani siku ya Dominika.

Sasa tufungue Injili ya Mt. Mateo, sura ya 25. Bwana wetu aeleza jinsi atakavyowahukumu watu siku ya mwisho. Atataja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Wale watakaotupwa kushoto hawatashitakiwa kwa wizi wala kwa uuaji, bali kwa sababu walimwona mwenye shida na hawakufanya kitu. Je, uliona mahali katika sura hiyo ambapo mtu aliokoka kwa kujibu, "Bwana, nilijua liko shirika la kukulisha"? Jibu hilo halimo.

Mtu mwerevu ataniambia: "Katekista, yule Msamaria mwema naye alimwacha majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni. Je, hilo silo shirika?" Vizuri, tuisome habari hiyo mpaka mwisho. Msamaria alishuka katika mnyama wake. Alifunga vidonda kwa mikono yake, akatia mafuta na divai yake mwenyewe. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama, akamwuguza usiku ule. Kesho yake alitoa fedha mfukoni mwake, akaahidi kurudi na kulipa deni litakalozidi. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa msaidizi wake. Hakuwa wakili wa kupenda badala yake. Yule padri na yule Mlawi waliopita kando, labda nao walijiambia kwamba yuko mwingine nyuma atakayefanya kazi hiyo.

Sisemi kwamba mashirika ni mabaya. Caritas ya jimbo letu ni mkono wa Kanisa, na wanaoleta dawa na unga kutoka mbali wanastahili shukrani. Nasema kwamba mkono wa mtu mwingine hauwezi kupenda kwa niaba yako. Tena tumeona wenyewe jinsi mambo ya dunia yanavyogeuka. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga USAID, idara yake ya misaada, na mashirika mengi katika Kongo yakapunguza watu na kazi. Magari yalipungua, lakini maskini hawakupungua. Aliyekuwa amemweka ndugu yake mikononi mwa gari la msaada, sasa atamweka wapi?

Neno la pili nilisikialo ni hili: "Sisi wenyewe ni maskini. Tutatoa nini?" Neno hili lina ukweli ndani yake, wala simcheki asemaye hivyo. Lakini wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi tumepata ushuhuda wa jambo hilo katika nchi hii hii. Kumbukeni ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470. Waliokufa walikuwa 2,287. Katika Beni na Butembo watoto wachanga walitengwa na mama zao wagonjwa, na kila mtu aliogopa kuwagusa. Ni nani walioingia kuwabeba na kuwalisha? Ni watu waliopona ugonjwa huo huo. Wengine walikuwa wamezika jamaa zao, na majirani waliwaepuka njiani. Hao hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni mwili uliopona, wakautoa kwa kazi. Aliyekimbia jana anajua kumpokea anayekimbia leo kuliko mtu aliyelala salama siku zote.

Lakini siku zile zilikuwa na aibu yake pia, na aibu isipotajwa haifundishi. Wengi walisema Ebola ni biashara, na kila anayehudumia wagonjwa ni mla fedha. Ni kweli kwamba fedha nyingi zilipita, na si wote waliozishika waliokuwa na mikono safi. Lakini waganga na wauguzi zaidi ya 160 waliambukizwa ugonjwa huo. Je, hao nao walikuwa wakifanya biashara ya vifo vyao? Daktari Richard Mouzoko alitoka Kamerun kuja kuwatibu watu wetu. Aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Tazameni kalenda ya mwaka ule: siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Wakati makanisa yetu yalipokuwa yakibusu Msalaba, damu ya mgeni aliyekuja kuhudumia ilimwagika katika mji huo huo. Waliofanya tendo lile ni watu wachache wenye silaha. Hata hivyo, masengenyo yaliyowatangulia yalikuwa katika vinywa vingi, na baadhi ya vinywa hivyo vilikuwa vimepokea Komunyo.

Neno la tatu lasema: "Hatujui kama mgeni huyu ni adui." Hofu hiyo si ya kipumbavu, ADF wameingia vijijini kwa hila nyingi. Busara ina njia yake: mpeleke mgeni kwa mkuu wa nyumba kumi, jina lake liandikwe, aulizwe ametoka wapi na anamjua nani. Ukiisha kufanya hivyo, hofu imepewa haki yake. Baada ya hapo, mlango unaobaki umefungwa haufungwi tena na busara.

Na kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuogopa, alikuwa Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki. Huyu alikuwa daktari, mtawa wa Masista Wadogo wa Kutolewa kwa Bikira Maria Hekaluni. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 2022 waasi waliishambulia hospitali ya Maboya, hapa hapa katika eneo letu la afya la Kalunguta. Walipora dawa, wakachoma moto, wakaua watu, na yeye akawa mmoja wa waliouawa. Alijua njia ile, alijua habari za nchi, lakini alikuwa mahali wagonjwa walipo. Tena Novemba 2025 waasi walishambulia kituo cha afya cha Kanisa huko Byambwe, katika nchi ya Lubero, wakaua watu wasiopungua 17, na miongoni mwao wanawake waliofika kujifungua. Basi, mtu akiniambia kwamba huduma kwa wenye shida ni sehemu nyepesi ya dini, iliyo ya akina mama na ya siku za sikukuu, nitamwonyesha majivu ya Maboya.

Sasa nafika kwenye jambo linalouma zaidi, na naomba msinikasirikie kabla ya kulisikia lote. Tunayo methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni nzuri. Kazi ni heshima ya mtu. Lakini wako Wakristu wanaoitumia vibaya. Hawampi mgeni siku mbili, bali humpa jembe siku ya kwanza. Tena jembe hilo si la kulima shamba la mgeni mwenyewe, ni la kulima shamba la mwenyeji. Jioni mkimbizi hulipwa nusu ya kibarua anacholipwa mwenyeji, kwa kuwa mkimbizi hana pa kushitaki. Wengine hupandisha kodi ya kibanda mara tu wanaposikia milio ya risasi upande wa Beni. Dominika watu hao hao huleta sadaka altareni, na ndizi mbili tatu za maskini juu yake, nasi twawapigia makofi.

Ndugu zangu, huo si upungufu wa mapendo tu. Huo ni wizi. Mt. Yakobo katika sura ya tano ya barua yake asema kwamba ujira wa wakulima uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika masikioni mwa Bwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba haki itimizwe kwanza, ili kile ambacho ni deni la haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya mapendo. Mlipe kwanza kibarua chake kamili. Kisha, ukitaka, mpe na ndizi.

Kijana mmoja wa jimbo la jirani alilifahamu jambo hili vema. Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa mtumishi wa serikali katika ukaguzi wa bidhaa, na saa zake nyingine aliwapa watoto wa mitaani. Alipoletewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu, alikataa. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Tazameni: kuwapenda maskini mitaani na kutowauzia sumu ofisini, kwake vilikuwa kitu kimoja. Hakuwapa watoto wa mitaani mkate kwa mkono wa kulia na kuwaibia kwa mkono wa kushoto.

Neno la mwisho ni la wacha Mungu: "Kazi ya Kanisa ni kusali." Naam, asiyesali hatadumu katika huduma, ataichoka kabla ya mwezi kwisha. Lakini Mt. Visenti wa Paulo aliwafundisha masista wake kwamba maskini akibisha hodi wakati wa sala, waende kwake bila wasiwasi, kwa kuwa hapo wanamwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Na Mt. Yohane Krisostomo aliwaonya watu wake wasimheshimu Kristu kanisani kwa vitambaa vya hariri huku wakimwacha uchi mlangoni. Basi, kila mwaka chama kinaponunua kitenge kipya cha sikukuu, na tujiulize ni watoto wangapi wa wakimbizi katika jumuiya yetu wanaokosa sare na kalamu. Shule za msingi za serikali hazidai karo tangu mwaka 2019, lakini mtoto hawezi kwenda shuleni akiwa nusu uchi.

Tutafanya nini basi? Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo waliazimia kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya zilizo hai, watu wachache wanaojuana kwa majina. Jumuiya hai haipimwi kwa wingi wa nyimbo. Kila jumuiya ya Kalunguta na ijue idadi ya wageni wake na majina yao. Kila mwezi sadaka moja ya maharagwe na mihogo ipitie altareni na kufika kwenye vyungu vyao kabla ya jua kutua. Mwenye shamba pana akopeshe kipande kwa msimu mmoja bila kodi. Mwenye kibanda asipandishe kodi wakati wa vita. Mwenye kibarua alipe bei moja kwa wote, na wazee wa jumuiya wamwonye asiyefanya hivyo kama wanavyomwonya mlevi. Kila juma wawili waende hospitali kuwatazama wagonjwa wasio na jamaa, wawapelekee uji na maji ya kuoga.

Mambo hayo hayahitaji mradi wala gari. Hayangoji fedha za kutoka ng'ambo. Yanataka mikono, na mikono tunayo. Anayetaka kubishana nami, aje tubishane. Lakini aje baada ya kumtembelea mkimbizi aliye karibu na nyumba yake, na jina la mtu huyo awe amelijua.