Mkojo si aibu, aibu ni yetu

Jamani leo mnivumilie, nina hasira.

Shangazi yangu haendi tena harusini. Msibani anakaa karibu na mlango. Kwenye daladala anasimama hata kiti kikiwa wazi. Sababu? Mkojo unamtoka bila yeye kupenda. Miaka sita sasa! Zahanati walimwambia, "Mama, huo ni uzee." Uzee gani wa miaka 51?

Niliandika habari ya tatizo hili, mhariri akanirudishia: "Watu wanasoma gazeti huku wanakunywa chai." Sawa, mzee. Mbona matangazo ya dawa za nguvu za kiume tunayachapa kila siku, na chai inanyweka?

Basi hapa mhariri ni mimi. Kibofu hupokea amri kwa mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo. Amri zikivurugika, kibofu kinajikaza ovyo. Tiba huanza na mazoezi ya misuli ya nyonga, kisha vidonge. Vikishindikana, yanashughulikiwa mawasiliano ya mishipa yenyewe. Sindano za botulinamu kwenye ukuta wa kibofu huzuia ishara za kukikaza kwa miezi kadhaa, ingawa wengine huhitaji mpira wa mkojo kwa muda. Kipo kifaa cha kupandikiza kinachosisimua mishipa hiyo kwa umeme. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997. Na ipo njia nyepesi zaidi: sindano nyembamba karibu na kifundo cha mguu, umeme kidogo, dakika 30 kila wiki kwa wiki 12.

Si kila anayevuja anahitaji hayo. Mwenye fistula ana tundu, na tundu huzibwa kwa upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam imefanya kazi hiyo bure kwa miaka mingi. Lakini kujua nani anahitaji nini, lazima mtu apimwe. Ili apimwe, lazima aseme. Atasemaje wakati tumemziba mdomo?

Msiniambie habari za umaskini. Kifaa ni ghali, nakubali. Kumuuliza mama, "Mkojo unakusumbua?" ni shilingi ngapi?

Wiki ijayo nampeleka shangazi hospitali ya rufaa. Karuhusu niandike haya, mradi jina lake nisilitaje. Hilo sharti ndilo lililoniuma kuliko yote.

Wewe kwenu nani anakaa karibu na mlango?