Kipaza ki Sikioni

Uwanja mkubwa wa michezo wa Arusha una jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, alishikilia katika kitabu hicho kwamba shairi sharti liimbike. Jina lake kuwekwa uwanjani huenda lilikuwa jambo la siasa tu, lakini mimi naliona limekaa mahali pake. Uwanja wa mpira ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki ambapo Mswahili wa kawaida huimba bila kuombwa, hutunga bila kulipwa, na hujibiwa papo hapo.

Katika jiji alilolitumikia meya huyo, na nasema hasa Ilala kwa kuwa ndiko ninakoishi, mambo ni kinyume katika viwanja vya shule. Hapo mtoto haimbi. Hakuna aliyemkataza kwa amri, ila amezibwa mdomo na spika.

Wasomaji mlio mbali na Dar es Salaam, nielezeni niwaeleze. Shule za kata zinapokutana kwa mpira wa miguu na netiboli, iwe ni bonanza la Jumamosi au mchujo wa UMITASHUMTA na UMISSETA, kamati hukodi muziki. Kirikuu huja asubuhi na spika ndefu kuliko mwalimu mkuu, jenereta na kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato. Kijana huyo hana kosa. Ameambiwa achangamshe, naye anachangamsha kwa alichonacho, yaani nyimbo zilezile alizopiga usiku wa kuamkia siku hiyo kwenye kigodoro. Kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja jioni uwanja mzima unasikiliza habari za kitandani.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo mwaka jana, shule sitazitaja. Nilifika mapema, jenereta ikiwa bado imegoma, na nawashukuru waliochelewesha petroli. Mechi ya wavulana ilikuwa imeanza. Shule moja ilikuja kwa basi lake, nyingine ilikuja kwa daladala, na jambo hilo halikuachwa lipite. Wenye basi walisimama mstarini wakaanza:

Mmekuja daladala, mtarudi na mabao!

Malenga wenzangu, hesabuni. Nane, kituo, nane. Hakuna mwalimu aliyesimama mbele yao na ubao. Wala hawakuwahi, nadhani, kulisikia neno mizani nje ya mtihani wa Kiswahili. Upande wa pili walikaa kimya kama dakika mbili, wakinong'onezana, kisha wakarudisha:

Nanyi mlio na basi, mbona lango liko wazi?

Nane na nane tena, na safari hii kwa swali, tena kwa kejeli iliyokwenda moja kwa moja kwa kipa aliyekuwa ametoka langoni. Walicheka hadi mwamuzi akatabasamu. Huo, kwa jina lake la kale, ni malumbano. Watu wazima tumeyafanyia semina na makongamano, na wale walikuwa wakiyafanya kwa viatu vya plastiki. Nilitoa kalamu nipate kuandika jibu la tatu.

Jibu la tatu halikuja, kwa sababu jenereta iliwaka.

Sikuambiwa na mtu; niliona. Midomo iliendelea kidogo, kisha ikaacha, kwa kuwa mtu hawezi kushindana na spika nne. Baada ya dakika tano watoto walewale waliokuwa wakitunga walikuwa wakitikisa viuno kwa maneno ya mtu mwingine. Nikasikia mzazi mmoja akisema, "Sasa kumechangamka."

Kisha ikaja netiboli. Mfungaji wa shule moja alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu hivi, mrefu, mwenye kuruka kwa uzuri wa kutazamika. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa kusifia kiungo cha mwanamke, sitasema kipi, na msifiaji hakuwa na haya wala tamathali. Wavulana mstarini waliona maneno na mtu vimekutana. Kila aliporuka, walimwimbia yeye kiitikio kile. Mara ya tatu alivuta sketi chini kwa mkono mmoja huku mpira uko katika mkono wa pili. Baada ya hapo hakuruka tena. Alifunga, na kukosa, miguu ikiwa ardhini, hadi filimbi ya mwisho, ambayo mwamuzi ilimbidi aipulize mara tatu ndipo isikike.

Nimesoma na kusikia majibu ya kawaida juu ya jambo hili, na hayanitoshelezi.

Jibu la kwanza ni kufungia nyimbo. Mwaka 2016 Serikali iliifungia "Chura" ya Snura kwa ajili ya video yake. Mwaka 2018 ilitolewa orodha ya nyimbo zilizozuiwa, na mwishoni mwa mwaka uleule BASATA ikaifungia "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond Platnumz. Sina haja ya kubishana kama maamuzi hayo yalikuwa sawa. Ninachosema ni kwamba orodha haiwezi kuniamulia la uwanjani, kwa sababu wimbo unaoruhusiwa kwa mtu mzima aliyelipa kiingilio chake haujawa kwa hiyo wimbo wa mtoto wa darasa la sita. Isitoshe, mshairi anayeshangilia kufungiwa kwa tungo za mwenzake ajiandae kwa zamu yake.

Jibu la pili ni kuilaani singeli. Hapa nawakosoa wasanifu wenzangu kwa jina la heshima. Singeli ni mali ya uswahilini wa Dar es Salaam, mjukuu wa mchiriku, na mchiriku una damu ya ngoma za Wazaramo. Mtu anayeweza kushika vina kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika bila kujikwaa si wa kudharauliwa na sisi tunaosahau kina cha kati tukiwa tumekaa. Iko singeli ya matusi, na iko taarabu ya matusi. Tena Pwani haikuanza jana kuimba ya faragha: nyimbo za unyago zina maneno ambayo nikiyaandika hapa mwenye blogu atanifuta. Lakini zilikuwa na mlango, zilikuwa na kungwi na zilikuwa na umri wake. Mwari aliambiwa yale kwa sababu yalimhusu, na waliomwambia walibeba dhamana ya kumwambia. Binti wa netiboli aliambiwa na spika, mbele ya wavulana, saa sita mchana, na hakuna aliyebeba dhamana yoyote.

Wengine husema: "Nyimbo hizo wanazijua, wanazisikia kwenye daladala na sokoni." Kweli. Anayepita Mtaa wa Msimbazi siku ya Jumamosi husikia kila duka na wimbo wake, na mtoto wa Kariakoo amejifunza kutosikia. Lakini muuza viatu hajasema kwamba wimbo wake ni wa shule. Kamati ya michezo imesema. Mwalimu akiupokea wimbo uwanjani ameupa muhuri, na mtoto anajua kuusoma muhuri kuliko anavyosoma kitabu.

Na sauti yenyewe? Hata ukiondoa maneno yote ukabakiza ala, bado nina neno. Taasisi ya afya ya kazini ya Marekani huweka mpaka wa salama kuwa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua nusu. Kwa desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mtoto aliyekaa chini ya spika ya bonanza anakaa saa nane. Tanzania nayo ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sijaona kamati ya michezo iliyozifungua.

Lipo jambo linaloniuma zaidi ya kanuni. Katika Mtaa wa Uhuru ipo Shule ya Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wenzao. Mtoto asiyeona huutazama mchezo kwa masikio: mguu ukigonga mpira, mwenzake akiita jina, watu wakivuta pumzi kabla ya bao. Upo hata mchezo wa wasioona, golboli, ambao mpira wake una kengele ndani, na kanuni zake zinawataka watazamaji wanyamaze wakati wa kucheza. Washeni spika mtoto wa namna hiyo akiwapo, nanyi mmemtoa uwanjani bila kumshika mkono.

Wapo watakaosema kwamba bila muziki watu hawaji. Makao ya Simba yako Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, yote yako Ilala, umbali wa kutembea kwa mguu. Mapenzi ya klabu hizo yalijazwa vinywani kwa nyimbo za mashabiki na utani kwa miaka mingi kabla kirikuu hazijaletwa mjini. Watoto hawa ni wajukuu wa watani hao. Hawahitaji kuchangamshwa.

Wala shule zetu hazikuwa bubu zamani. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama kilichoanzishwa mwaka 1959, waliona kwamba ushairi unaweza kusimama jukwaani kwa majibizano, na ngonjera zikaingia madarasani baada ya Azimio la Arusha. Tusidanganyane: ngonjera nyingi zilichosha, zikisifu viongozi kwa vina vya kuazima. Lakini aliyesimama kuzisema alikuwa mtoto, na aliyesikika alikuwa yeye. Mchakamchaka wa asubuhi nao ulikuwa na kiongozi na waitikiaji, na kiongozi alipoishiwa maneno alitunga.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za kata za Ilala ni dogo na halina gharama; litawapunguzia. Mpira ukiwa unachezwa, spika ikae kimya. Itumike kutangaza majina, matokeo na mtoto aliyepotea. Wakati wa mapumziko, kila shule ipewe dakika tano za kuimba wimbo walioutunga wenyewe dhidi ya wageni wao, mwalimu wa Kiswahili akiwa mwamuzi, na matusi yatolewe kadi nyekundu kama yanavyotolewa kwa mchezaji. Fedha ya kukodi muziki inunue mipira. Shindano hilo la nyimbo liwe na kikombe chake, hata kiwe cha bati.

Najua yupo mjumbe wa kamati anayesoma blogu hii, kwa kuwa alinitumia ujumbe wiki iliyopita kunitaka nisiwe "mzee kabla ya wakati". Namjibu kwa lugha ya ukumbi huu:

Kamati ninauliza, semeni hapo mezani,
Nani aliyeagiza, matusi yaje shuleni?
Ya usiku na ya giza, yapigwe jua kichwani,
Mtoto ataimbaje, kipaza ki sikioni?

Msichana akiruka, kufunga bao peteni,
Nyimbo zenu zamcheka, zamvua hadharani,
Miguu ameiweka, haitoki mchangani,
Mtoto ataimbaje, kipaza ki sikioni?

Mwenye kunipinga na anipinge, ila kwa tarbia: kina cha mwisho kiwe "ni", cha kati achague mwenyewe, na kibwagizo alete chake. Majibu yatachapishwa hapa yote, pamoja na ya mjumbe yule, nikiyapata kabla ya michezo ya kata kuanza.