Hofu ya Ruaruke Ipo Mfukoni Mwako

Ndugu kijana unayesukuma mkokoteni Kariakoo, au unayegombea abiria Mbagala Rangi Tatu, usidhani ya Ruaruke hayakuhusu. Barabara ipitayo hapo Mbagala ndiyo iendayo Kibiti, na wengi wenu mmetokea huko huko.

Kibiti haikunyimwa na Mungu. Ina korosho, ufuta, mpunga na kamba wa Delta. Lakini kati ya 2015 na 2017 waliuawa humo viongozi wa vijiji, wanachama wa CCM na polisi. Aprili 13, 2017 askari 8 waliuawa kwa mpigo pale Jaribu Mpakani.

Serikali ikajibu kwa bunduki na marufuku. Ikaundwa kanda maalumu ya polisi Rufiji. Pikipiki zikazuiwa kutembea usiku.

Hebu piga hesabu mwenyewe. Kijana wa bodaboda akizuiwa tangu jioni, deni la pikipiki atalilipa nani? Mkulima wa mpunga asipothubutu kulala dunguni, nguruwe watamwachia nini? Mnunuzi wa ufuta akiogopa kuja na fedha, mkulima atauza kwa bei gani?

Ndivyo hofu inavyozaa umaskini. Nao umaskini unairudisha hofu mlangoni, maana kijana asiye na kazi ndiye wa kwanza kurubuniwa na mwenye bunduki, tena ndiye wa kwanza kushukiwa na polisi.

Wakubwa watakwambia yamekwisha. Ni kweli, mauaji yale yalikoma. Lakini Novemba 21, 2017 mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti na hajaonekana tena. Wapo na wananchi wanaosema ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Je, nani ataweka mtaji wake mahali ambapo mtu hupotea na hakuna anayeulizwa?

Sisi tunasema funika kombe mwanaharamu apite haijengi uchumi. Iundwe tume huru, ripoti yake isomwe hadharani, waliopoteza ndugu wapewe majibu na fidia, na vijana wa Kibiti wapewe mikopo na masoko badala ya kutazamwa kama wahalifu.

Nawe kijana una silaha moja, kura. Mgombea akija kuiomba, muulize habari za Kibiti kabla hujapokea fulana yake.