Picha kwenye bandari ya Kalundu

Siku ya posho kikundi chetu cha picha kilishuka Kalundu, hapa Uvira. Ruhusa tuliomba mbele. Bandarini usitoe simu ovyo.

Asubuhi jua linatokea ngambo ya Burundi. Ukimsimamisha mtu akiipa Tanganyika mgongo, uso wake unatoka mweusi. Tuliharibu picha nyingi mbele ya kuelewa, na mimi ndiye niliharibu zaidi.

Mama mmoja mwenye kubeba mizigo alitukataza: “Musinipige picha na gunia kichwani.” Tukashusha simu. Alipomaliza kazi, akanawa uso, akafunga kitambaa upya, akatuita yeye mwenyewe. Anataka picha ya karatasi, apelekee mtoto wake anayesoma mbali. Juma lijalo tunamupelekea.