Geti Si Usalama

Mkianza kutafuta nyumba ya kumweka mtu wenu anayehitaji kuangaliwa, kitu ya kwanza mtaonyeshwa ni geti. Geti la chuma, ukuta wenye nyaya za umeme juu, askari na kitabu chake cha kuandika majina, na siku hizi kamera. Halafu mwenye nyumba atawaangalia machoni na kusema, "Hapa mtu wenu yuko salama." Na juu familia imekesha miaka na miaka, itashusha pumzi na kuuliza bei.

Mimi nauliza, salama kutoka kwa nani? Watu wanaoumia kwa nyumba kama hizi hawaumizwi na wezi wa kuruka ukuta. Wanaumizwa na wenye wako ndani, ama na kitu ndogo yenye hakuna mtu alijishughulisha kuijua. Geti halizuii hata moja ya hizo. Ile ya kwanza, geti huisaidia kabisa.

Hii mambo inaniwasha kwa sababu iko kwetu. Binamu yangu ana miaka 23, tumepishana kidogo tu. Ana ulemavu wa kiakili na ana kifafa. Haongei sana, lakini akikupenda utajua, na akikuchoka pia utajua. Anti yangu amemlea peke yake, na sasa magoti ya anti yamekataa ngazi. Tangu mwaka uanze tumezunguka nyumba nne, kutoka Ruai hadi upande wa Kiambu. Sitataja hata moja. Nne zote zilituonyesha geti. Moja tu ndio iliuliza kifafa chake huanza aje.

Unaweza kuona hilo ni swali dogo. Sikia hii. Kule Uingereza kulikuwa na kijana wa Oxford anaitwa Connor Sparrowhawk, miaka 18, mwenye usonji, ulemavu wa kujifunza na kifafa, mpenzi mkubwa wa mabasi. Mwaka 2013 alikuwa kwa kituo kidogo cha matibabu cha huduma ya afya ya serikali. Tarehe 4 Julai aliachwa aoge peke yake, kifafa kikamshika ndani ya maji, akazama. Wafanyakazi walikuwa hapo hapo kwa jengo. Mama yake, Sara Ryan, alikuwa ameshawaambia kuhusu hicho kifafa. Mwaka 2015 jopo lililosikiliza uchunguzi wa kifo chake lilisema uzembe ulichangia, na 2018 taasisi iliyosimamia kituo, Southern Health, ikapigwa faini ya pauni milioni 2 kwa kifo chake na cha mgonjwa mwingine.

Nimeenda hadi Uingereza kwa sababu mbili. Moja, kesi zao zilifika kortini, kwa hivyo tunajua kilichotokea, si uvumi. Mbili, huko ndiko nusu ya mabeste wangu walikuwa wanataka kwenda kuhudumia wazee. Nitarudi kwa hiyo.

Sasa kuna ile ya ukatili wenyewe. Winterbourne View ilikuwa hospitali ya kibinafsi karibu na Bristol, vitanda 24, ya watu wenye ulemavu wa kujifunza na usonji. Kwa wastani mtu mmoja alilipiwa pauni 3,500 kwa wiki. Kwa wiki, si kwa mwaka, piga hesabu. Tarehe 31 Mei 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kikaonyesha picha zilizochukuliwa kisiri ndani: watu wakizabwa makofi, wakibanwa chini ya viti, mwingine akisukumwa kwa shawa na nguo zake. Wafanyakazi 11 walikubali makosa na 6 kati yao wakafungwa jela 2012. Lakini yenye hunikera zaidi ni hii: muuguzi aliyefanya kazi hapo, Terry Bryan, alikuwa ameshawaandikia wakubwa, halafu akaandikia shirika la serikali la ukaguzi. Wakamkalia kimya. Ndio akaenda kwa waandishi wa habari.

Kwa hivyo usiniambie shida ni pesa peke yake. Pesa ilikuwa, wakaguzi walikuwa, milango ilikuwa na kufuli. Kitu haikuwa ni macho ya watu wa nje, na mtu wa kumwamini yule anayesema.

Baada ya hiyo aibu, serikali yao iliahidi kuhamisha watu wote wasiostahili kuwa kwa hospitali hizo hadi makao ya kawaida mtaani, kufikia Juni 2014. Tarehe ikapita na wengi walikuwa bado ndani (serikali ni serikali, hata ya majuu). Lakini wazo lenyewe ni kali. Unaishi kwa nyumba yenye jina lako liko kwa mkataba wa kupanga, una ufunguo wako, na mhudumu anakuja kukusaidia na yale huwezi: dawa, kupika, kuoga, kupanga pesa. Mhudumu akileta kisirani, yeye ndiye anabadilishwa, si wewe unahamishwa. Siyo dawa ya kila kitu. Nyumba ndogo yenye mhudumu mmoja usiku inaweza kuficha mambo vilevile. Ila mtu mwenye jirani, mwenye duka anamjua, mwenye anaenda kununua mandazi mwenyewe asubuhi, asipoonekana siku tatu kuna mtu atauliza.

Hapo najua kuna mtu amejibu kwa kichwa chake: hizo ni za wazungu, sisi tuna familia. Sawa. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watu wenye shida za afya ya akili wanaofungwa minyororo sehemu nyingi za dunia, na Kenya ilikuwamo. Kulikuwa na kituo kimoja cha dini Kisumu chenye watu walifungwa hivyo. Na mahali kama hapo mtu hajipeleki, hupelekwa na watu wake, mara nyingi wakiwa wamechoka na hawana pengine pa kugonga. Familia bila msaada ni geti lingine tu.

Karatasi tuko nazo. Katiba, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Tuliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2008, na unasema wazi kwamba nyumba na programu za kuwahudumia zikaguliwe na watu huru. Kwa ground, nyumba nne tulizoenda, hakuna hata moja iliweza kutuonyesha ni nani aliikagua mara ya mwisho.

Na wahudumu je? Uingereza ilifungua viza kwa wahudumu 2022, na hapa Nairobi kozi zikachipuka kama vibanda vya chipo. Mabeste wangu wawili walisoma. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sikuwa na ubavu wa kuwacheka.) Wakafundishwa kuandika kila kitu kwa kitabu cha siku, kuhesabu dawa, kugonga mlango kabla ya kuingia kwa chumba cha mtu, kuripoti alama yoyote kwa mwili. Julai 2025 Uingereza ikafunga mlango kwa wahudumu wapya kutoka nje. Sai wako hapa na hiyo elimu yote, mmoja anauza mitumba, juu nyumba za hapa zinataka mtu wa kulala korido na kulipwa kama bado anajifunza. Mahali pamoja tulikuta mama mmoja anaangalia watu 11, wiki ya pili bila ofu. Alikuwa mpole sana kwa binamu yangu. Lakini mtu amechoka hivyo atachanganya dawa hata akiwa malaika, na hatasema, juu akisema anafutwa.

Ndio maana siku hizi nikienda na anti, sitazami ukuta. Naangalia kama mtu anaweza kufunga chumba chake kwa ndani na bado mhudumu akaweza kufungua akianguka. Naomba kitabu cha siku, halafu nasoma ukurasa wa Jumapili usiku, si wa Jumatatu asubuhi. Nauliza mhudumu alilala lini. Nauliza kitambulisho cha kila mtu kiko wapi na nani anashika ile Sh2,000 ya Inua Jamii ikiingia, juu mwenye anashika pesa yako anashika na mdomo wako. Na naongea na wenye wanaishi hapo bila mwenye nyumba kusimama nyuma yangu. Akikataa, tumemaliza, tunachukua matatu.

Ile nyumba iliyouliza kuhusu kifafa haina askari. Ina ua la kayaba lenye tundu, na watoto wa jirani hupitia hapo kufuata mpira wao. Anti hajalala vizuri juu ya hilo tundu. Mimi ndilo limenipendeza kuliko vyote. Bado hatujakata shauri. Tumeenda mara mbili mchana, tukakaribishwa chai. Mara ya tatu ni wiki hii, saa moja jioni wakati wa chakula, na siku gani sisemi, juu inawezekana wanasoma hii.